Nukta ya Kumi na Tatu

Tulingoja saa mbili nzima amri ya kumtafuta Afande. Na mwenye kutoa hiyo amri alikuwa Afande mwenyewe.

Usicheke bado.

Naitwa Mageto, askari wa shamba la majani chai huku Kiptere. Mkubwa wetu, huyo tunayemwita Afande, ni Kipkemoi, sajini mstaafu wa jeshi. Mwaka jana tuliletewa simu mpya zenye ramani. Askari kumi na wawili, nukta kumi na mbili. Unaona kila mtu yuko wapi.

Isipokuwa Afande. Nukta yake aliizima.

"Mageto, mahali kamanda yuko hapaonyeshwi," aliniambia. "Adui akishika simu ya mmoja wenu, amenipata."

Adui gani, jamani? Hapa tunakimbizana na wezi wa kuni na ng'ombe za majirani.

Halafu hakuna kutoka lindo mpaka yeye abonyeze "Ruhusa".

Alhamisi asubuhi, mvua ikinyesha, akatuandikia: "Nazunguka. Kaeni macho." Akapanda pikipiki, akaenda.

Saa tano ni lazima atukague. Kimya. Nikapiga, hapatikani. Nikaomba ruhusa nikamwangalie.

Simu ikajibu: "Ombi lako linasubiri Kamanda."

Nikapigia ofisi, wakaniambia nifuate utaratibu. Nikampigia Bethwel wa lindo la pili.

"Mimi niko na watoto shule," akasema. "Wa mwisho kutoka bila ruhusa alifutwa. Unamkumbuka?"

Nilimkumbuka. Nikakaa hapo kama mjinga nikiangalia nukta kumi na mbili zisizosonga. Nilitaka kurusha hiyo simu kwa mto.

Saa saba nikachoka. Nikatoka.

Chepkurui, mchumaji wa siku nyingi, akaniona nateremka.

"Unatafuta nini na hiyo simu?"

"Afande amepotea."

Hakuniuliza mambo ya ramani. Aliita wachumaji wa mstari wa chini, nao wakaita wa bondeni, vile wao huambiana lori la majani likifika. Hazikuisha dakika tano jibu likapanda: kuna pikipiki kwa mtaro, karibu na daraja la mbao.

Tulimkuta amelaliwa na pikipiki, mguu umevunjika, simu imekufa maji. Maji ya mtaro yalikuwa yamefika kidevuni na bado yanapanda.

"Mbona mmechelewa?" akauliza.

Niliinua ile pikipiki nikilia kwa hasira.

Wiki iliyofuata nikaletewa barua ya onyo. Kosa: kuondoka lindo bila amri. Sahihi ni yake, ameiweka akiwa kwa kitanda cha hospitali.

Chakula kilinishinda siku hiyo. Nikawasha simu nimwandikie kwamba nimeacha kazi.

Ramani ikafunguka kwanza. Nikahesabu, nikarudia kuhesabu. Nukta kumi na tatu. Moja ilikuwa Kericho mjini, hospitalini, imetulia. Afande amepata simu nyingine, na safari hii nukta hakuizima.

Sikuandika kitu.

Wewe unayeongoza watu, ukiwapa simu mpya, waachie na akili zao pia. Na waonyeshe mahali uko. Siku ukianguka, hutaweza kuwapa ruhusa ya kukuokota.