Homa ya Siku za Mashine

Baba yangu, Eliakimu, mkulima wa tangawizi wa Mamba Miamba, juu milimani, aliishi miaka sitini na minne bila kulala tambarare hata usiku mmoja. Akiwa na shida Same mjini, alishuka na gari la alfajiri na kupanda na la mchana, hata kama shida yenyewe haijaisha. Babu alikuwa amemwambia kwamba bonde lina homa na mlima unaiponya, na asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nilipoolewa Same, Baba alilia kanisani mbele ya watu, wala si kwa sababu ya mume. Alilia kwa sababu ya mbu.

Figo zake ziliposhindwa kazi ikambidi ahamie kwangu. Mashine ya kusafisha damu iko huku chini, na aliihitaji Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Walimwekea mpira kwenye mshipa wa shingo, upande wa kulia, damu itokee hapo na irudie hapo, huku wakisubiri mshipa wa mkono walioufanyia upasuaji ukomae, utumike badala yake. Upande wa kushoto walikuwa wamejaribu, ukaziba. Kwa hiyo mpira ule mmoja ndio uliokuwa uhai wake, na sote tulilijua hilo.

Nesi Devotha alitupa amri zake siku ya kwanza: plasta ya shingoni isilowe, vifuniko vya mpira visiguswe, na homa yoyote, hata ndogo, aambiwe yeye. "Sawa, binti yangu," Baba akaitikia kwa adabu zote za mzee wa kanisa. Haikupita wiki akaanza kujimwagia maji kichwani, eti joto la Same linampika. Plasta ikalegea, akaikandamiza na taulo. Nilipomkemea alinikumbusha nani alimzaa nani, nikamwachia taulo lake.

Wiki ya tatu, Jumatatu, tukirudi na bajaji kutoka kwenye mashine, alianza kutetemeka. Meno yaligongana mpaka dereva akapunguza mwendo. "Wameshaniuma," alisema, karibu kwa furaha, maana ubishi wa miaka mingi alikuwa ameushinda. Kesho yake aliamka mzima. Nikamnunulia dawa ya mseto ya malaria na chandarua kipya, mambo yakaishia hapo.

Jumatano akatetemeka tena. Zahanati wakampima malaria, hana. Baba akasema kile ni kipimo cha watu wa tambarare, mbu wao wanakijua. Nilicheka, kisha nikamchemshia mwarobaini. Ndiyo, mimi, niliyefaulu baiolojia kidato cha nne.

"Baba, tumwambie Devotha," nilijaribu.

"Devotha ni wa figo. Malaria inamhusu nini?"

Nikaona ana hoja. Hata walipompima joto Ijumaa kabla ya mashine, lilikuwa la kawaida, naye hakusema neno. Na mimi, nikiwa nimesimama pale pale, sikusema. Hilo bado linaniuma kuliko yote.

Ijumaa hiyo mchana alikuwa kitandani chini ya mablanketi mawili, anatetemeka mpaka kitanda kinalia. Baba mdogo Eliufoo alifika na gari la kukodi. "Tunampandisha," alisema. "Baridi ya kwetu itaitoa hii homa. Nani wa kwetu alishawahi kuugulia huku akapona?" Sikubisha. Nilianza hata kumfungia nguo.

Nikachukua daftari ninamoandika vikombe vya maji anavyokunywa, maana hapaswi kuzidisha, nilitie mkobani. Pembeni mwa ukurasa nilikuwa nimeandika "homa". Jumatatu, homa. Jumanne, hakuna. Jumatano, homa. Alhamisi, hakuna. Nikazipitia tena siku zile kwa kidole. Mbu gani anajua siku za mashine?

"Baba mdogo, hatupandi. Tunakwenda hospitali."

"Evaline," Baba alisema chini ya blanketi, "unanizuia kwenda kwetu?"

"Nakuzuia."

Sikuwahi kumjibu hivyo maishani mwangu. Alifumba macho, na gari lile la kukodi likatupeleka hospitali.

Devotha alichukua damu mkononi mwa Baba, na nyingine kwenye mpira, akaitia kwenye chupa zake ili waone kama kuna bakteria. Dawa ya kuua bakteria wakaianza papo hapo bila kusubiri majibu. "Homa ilianza lini?" aliuliza. Baba aligeukia ukuta. "Jumatatu," nikasema, "na mimi nikampa dawa ya malaria." Hakunifokea. Natamani angenifokea. "Mficha maradhi kifo humuumbua," alisema tu, akaendelea na kazi.

Bakteria walikuwa kwenye mpira, kila mashine ilipowashwa ikawasukuma mwilini, na sasa walikuwa kwenye damu. Mpira ukang'olewa. Siku tatu akakaa bila mashine, miguu imevimba, akiniomba kikombe cha maji nami nikimnyima, wala sikujua kama tutapata mshipa mwingine. Siku ya nne waliupata, kwenye paja. Homa ilimtoka hapa hapa Same, kwenye joto hili hili. Lakini bakteria walikuwa wameshafika kwenye uti wa mgongo. Jembe hatalishika tena, na tangawizi yake anailima Eliufoo.

Mwezi uliopita, kwenye kiti cha mashine jirani na cha Baba, alikuwapo mgonjwa mpya kutoka milimani, Melkizedeki, mwenye mpira shingoni. Mashine ikiwa inaendelea, nikamwona anavuta shuka hadi kidevuni.

"Unatetemeka," Baba akamwambia.

"Ni mbu tu, mzee mwenzangu. Sisi wa mlimani bonde hatuliwezi."

Baba, ambaye hadi leo hajaniambia kwamba nilikuwa sahihi, alijaribu kuinuka. Mgongo ukamkatalia. Akapaza sauti mpaka wagonjwa wote wakageuka.

"Devotha! Njoo upesi! Huyu anasema ni mbu!"