Mpira Ndani ya Pipa

Mtu aliyekulia Dodoma enzi za mgao wa maji haliamini bomba kirahisi. Nasrudin alikuwa amekaa Toronto zaidi ya miaka ishirini, amestaafu kazi ya ghalani kule Downsview, lakini besimenti, chumba cha chini ya ardhi, katika nyumba yake ya Malvern bado ilikuwa na pipa la bluu lililomfika kifuani. Alilijaza kwa mpira wa maji uliochomekwa kwenye bomba la kufulia, na ncha yake akaizamisha mpaka chini kabisa ili maji yasipige kelele.

"Baba Samir, hapa maji hayakatiki," mkewe Zebunissa alimtania kila mara.

"Siku yakikatika utanitafuta."

Na kweli, Jumamosi moja ya Juni 2009 yakakatika. Bomba kuu la mtaa lilipasuka, mafundi wa mji wakafunga maji. Asubuhi hiyo Nasrudin alikuwa amemimina ndani ya pipa mbolea ya chumvichumvi ya nyanya na pilipili zake za uani, akafungulia maji iyeyuke. Pipa lilikuwa limefika nusu maji yalipokoma. Mzee alifurahi, jamani! Alipanda ngazi mbio kama kijana kumwambia mkewe, "Nilisema mimi!"

Bomba hakulifunga. Nani aliyekulia kwenye mgao hufunga bomba? Unaliacha wazi, ili maji yakirudi yaendelee kujaza chombo chako kabla ya jirani hajaamka. Baadaye alipochungulia chini aliona pipa limepungua, akadhani linavuja, akapanga kulitazama kesho.

Halikuwa linavuja. Maji ya mtaani yalipoondoka, mabomba ya nyumba yalibaki yakivuta, kama mtu anavyovuta soda kwa mrija, na mrija wenyewe ulikuwa ule mpira. Maji ya mbolea yakapanda nao, yakajaa ndani ya mabomba yanayokwenda jikoni.

Siku hiyo walikuwa wameachiwa mjukuu. Nuria alikuwa na miezi miwili. Baba yake, Samir, na mama yake, Tazmin, walikuwa kazini. Maji yaliporudi, Zebunissa alikinga sufuria, akayachemsha kwa bidii zote, akayaacha yatokote hadi madirisha yakaingia ukungu. Hakuna bibi wa kwetu anayempa mtoto mchanga maji yasiyochemshwa. Alikoroga maziwa ya kopo, akamnywesha. Ila moto huua vijidudu tu, mbolea hauigusi. Maji yakipungua sufuriani, yenyewe inabaki pale pale, tena kali zaidi.

Alasiri midomo ya mtoto ilikuwa na rangi ya majivu. Gari la wagonjwa likaja. Damu yake ilikuwa imeshindwa kubeba hewa, madaktari walisema, na kama wangechelewa kidogo wangezika. Alipona, Mungu mkubwa.

Nyumba ndiyo haikupona. Samir hakupiga kelele, na heri angepiga. Alimsikiliza fundi wa mji akieleza habari ya mpira, akamwangalia baba yake, akauliza taratibu, "Baba, pipa la nini Canada?" Kabla ya theluji ya kwanza alikuwa amehamishia familia yake Brampton. Walikuja sikukuu, wakakaa saa moja, na Tazmin alibeba maji ya mtoto kwenye mkoba. Hata chai hawakuonja. Majuto ni mjukuu, wahenga walisema. Majuto ya Nasrudin yalikuja kila Idi na chupa yake.

"Ni mkono wangu uliomnywesha," Zebunissa alisema.

"Ni mpira wangu," Nasrudin alijibu. Waligombania kosa hilo miaka, na hakuna aliyekubali kumwachia mwenzake.

Pipa alilitupa, mpira akaukatakata. Fundi akafunga vali ya shaba panapoingilia maji, inayoyaruhusu kuingia na kuyakataza kurudi. Nasrudin aliona yamekwisha. Zebunissa hakuona hivyo. Kila theluji ilipoyeyuka alimwita fundi aje kuipima vali ile.

"Mama Samir, pipa halipo, mpira haupo. Unapima nini?"

"Napima ili Samir akiniuliza niwe na jibu."

Samir hakuuliza. Kila sikukuu Zebunissa alipika pilau ya kutosha watu kumi, akasubiri swali mezani, wageni wakaaga bila kugusa sahani, na jioni akawapelekea majirani. Alingoja hivyo hadi Februari 2016, moyo wake uliposimama akiwa anakunja nguo.

Walipotoka makaburini nyumba ilijaa watu. Chupa alizokuja nazo Tazmin ziliisha mikononi mwa wageni. Nuria, sasa ana karibu miaka saba, alimvuta baba yake koti, akilalamika kiu.

"Daddy, I'm thirsty."

Samir alisimama mbele ya sinki la mama yake. Kikombe kilikuwa mkononi, mkono mwingine juu ya bomba, na haukuzunguka. Kisha akageuka.

"Baba, ile vali... huwa mnaipima?"

Nasrudin alishika ukingo wa meza. Swali dogo kama hilo, na mwenye jibu lake wametoka kumfukia.

"Kila mwaka," alisema. "Mama yako hakuacha hata mmoja. Alikuwa anangoja umuulize."

Samir aliinamisha kichwa juu ya sinki. Alifungua bomba, akajaza kikombe, akaonja kwanza yeye, akampa mtoto.

Nuria alikunywa nusu, akaacha kikombe mezani na kukimbilia wenzake. Nasrudin alikitazama kikombe kile, akalia kwa sauti mbele ya watu wote.