Matanga ya Timu ya Mbali

Miaka ile ya mgawo wa bidhaa, kupata nguo Bukima kulikuwa kugumu kuliko kupata sangara. Timu zilicheza vifua wazi, na mimi, golikipa wa kijiji, niliwahi kumrushia mpira mpinzani huku nikimsifu kwa kukaa vizuri.

Ndipo padri wetu, mzaliwa wa Amerika Kusini, akaleta gunia alilotumiwa kutoka kwao. Ndani mlikuwa na jezi kumi na moja za kijani, zimefuliwa mpaka kola zimelainika. Tukapanga kuzivaa Jumapili dhidi ya Bunda.

Mama yangu ndiye aliyepewa kazi ya kushona vifungo. Akamwuliza padri zilikuwa za nani. Padri hakuficha: za klabu ya mji wao, iliyokwisha kuvunjika. Aliyezitunza alikuwa baba yake, naye alifariki padri akiwa huku kwetu. Hakwenda kuzika.

Mama akaweka sindano chini. "Samahani, Padri. Matanga alianua nani?"

"Hakuna, mama."

"Basi hizi hazivaliwi. Huku kwetu nguo za marehemu tunagawanaga siku ya kuanua matanga, siyo kabla."

Kapteni wetu alikasirika. "Sasa mama, turudi vifua wazi kwa ajili ya mzee wa ng'ambo hata hatumjui?" Mimi niliona ana haki. Jumamosi asubuhi mama alipika ugali na sato, akatuketisha wote uani, akamwomba padri atoe wasifu wa marehemu.

Padri alisimama na Kiswahili chake cha kanisani. Klabu ile ilianzishwa na mafundi wa reli. Uwanja ulikuwa nyuma ya karakana, na treni ya jioni ilipopita, dereva alipunguza mwendo aulize matokeo. Waliwahi kuchukua kombe la mkoa, maduka yakafungwa mji mzima. Kisha wakubwa wakaona reli haileti faida, wakaifunga. Mafundi wakahamia mji mkuu, uwanja ukajengwa ghala la saruji. Baba yake, fundi seremala, akabaki na gunia. Akawa anazifua jezi na kuzianika, ingawa hakuna aliyezivaa, na majirani wakasema amechanganyikiwa.

"Nami nilimwonea aibu," padri alisema. "Nilimwandikia azitupe."

Mama akauliza kama inavyoulizwa: "Marehemu ameacha nani?"

Padri akatutazama. "Ameniacha mimi," akasema, kisha akalia kwa sauti. Hakuna aliyemnyamazisha. Niliumia sana. Miaka yote ile alikuwa akituzikia wafu wetu, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwuliza wa kwake.

"Nguo ya kwanza ni ya mtoto," mama akasema, akamvisha jezi moja juu ya kanzu. Zilizobaki akatugawia.

Jumapili, beki wetu wa kushoto aliingia uwanjani kifua wazi. Refa, mtu wa Butiama, akamwita kapteni, akamwambia mchezaji yule atoke, sare haijatimia. Kapteni, yule yule aliyekasirika, akamwonyesha padri aliyesimama pembeni na jezi yake.

"Ile ya kumi na moja anayo mfiwa," akasema.

Refa akavuka uwanja, akampa padri mkono wa pole, akarudi katikati, akapuliza filimbi.