Kazi Gani Inafaa, na Nani Anauliza

Nakumbuka vizuri asubuhi ile matokeo ya diploma ya serikali, ile ya kumaliza sekondari, yalipotangazwa, barabara za mtaa wetu wa Katuba zikajaa vijana waliomwagiwa poda nyeupe kichwani kwa shangwe ya kufaulu. Mwanangu unayeanza kazi hii ya kushauri vijana, niache nikuite hivyo ingawa bado sijaota mvi. Wasiwasi nao huzeesha.

Nilikuwa katika shirika dogo linalowashauri vijana kazi ya kujifunza. Mama Odia, mwalimu mstaafu aliyelianzisha, ndiye aliyeongea nao. Mimi nilichunguza kazi zipi zimejaa watu na zipi mji unazikosa. Uchunguzi huo nilijifundisha mwenyewe, ndiyo maana niliogopa kukosea kuliko waliosoma. Tena tulikuwa tumeshaumia: tuliwahi kuwaelekeza vijana wengi kwenye kuchomelea vyuma, kwa kuwa kila mtu alisema migodi inawangoja. Walipohitimu, wengi walikaa nyumbani.

Basi nikamsihi Mama Odia tusimamishe ushauri mpaka nimalize. Haraka haraka haina baraka, nilimwambia. Akakubali, shingo upande. Lakini kila jibu lilinizalia swali. Nikitoka karakana moja, nataka kuona nyingine. Nikiona hiyo, naitilia shaka ya kwanza. Mlango wetu ukabaki umefungwa.

Asubuhi ile ya matokeo aliubisha msichana aitwaye Ntumba, poda ikiwa bado kwenye kope zake. Mjomba wake alikuwa anarudi Kilwa, kule kwetu ziwani, kesho yake na alitaka kumchukua akauze samaki huko. Angemwacha tu kama Ntumba angepata kazi ya kujifunza hapa mjini. Akaniuliza ipi. Nikamwambia arudi tukishamaliza uchunguzi. Akashukuru kwa adabu, akatoka hadi uani.

Mama Odia alikuwa amesikia yote. Hakupandisha sauti.

“Papa, huyu mutoto anaenda kesho. Leo unajua nini?”

Nikaanza kueleza yote ambayo bado sikuyajua, moja baada ya jingine.

“Hapana, papa. Nauliza ile unajua.”

Ngoja ngoja huumiza matumbo, mwanangu, na matumbo yenyewe si ya anayengojesha. Nilimwita Ntumba kutoka uani. Nikamwambia kuchomelea kumejaa, lakini mafundi wa friji ni wachache, na wauza samaki wa barafu wanawatafuta kila siku. Nikakiri kwamba sijui kama itakuwa hivyo baadaye.

Niliyojiandaa kuulizwa hakuyauliza hata moja. Alisema, akiniita kama kaka yake mkubwa, “Yaya, ile kazi inaniacha nirudie ku nyumba kila mangaribi? Mama iko mugonjwa. Haiko na muntu mwingine.”

Katika karakana zote nilizozunguka, sikuwahi kumuuliza fundi yeyote anarudi nyumbani saa ngapi. Tulitoka pamoja kwenda kuuliza.

Mjomba alicheka sana. “Musichana wa friji? Basi nyumba yote itakuwa baridi.” Lakini aliondoka bila yeye, na Ntumba akaanza kujifunza kwa fundi mmoja wa mtaa wa Kasungami anayefunga kazi kabla ya magharibi, karibu na mama yake. Je, hiyo ndiyo kazi iliyomfaa kuliko zote? Sijui. Hata ninapoandika haya, swali hilo linanisumbua.

Tangu hapo asubuhi tunashauri, mchana nachunguza, na maswali ya asubuhi ndiyo yanayonionyesha njia ya mchana. Bado tunagombana kuhusu saa. Mama Odia anasema mchana wangu unawanyang'anya vijana muda wao. Mimi nasema bila mchana tutarudi kwenye kuchomelea vyuma.

Kwa hiyo, mwanangu, chunguza, kwa sababu ushauri mtupu hupoteza miaka ya mtu. Lakini usichunguze umejifungia, kwa sababu anayekujia anajua jambo usilolijua, na siku yake haikungoji. Mpe unalolijua leo, mwambie usilolijua, kisha mwende pamoja kulitafuta. Mungu akujalie macho ya kuona mbali, ulimi usioona haya kusema “sijui”, na mlango wako usikose mwenye kubisha.