Sketi ya Melimeli Iliyonigandia Kiunoni

Nikianza kusimulia hili huwa natazama chini, kwa sababu hakuna namna ya heshima ya kueleza jinsi mwanamume mzima wa kitongoji cha Alby, kifungua mimba aliyemlea mdogo wake tangu wazazi wafariki, alivyojikuta jukwaani katikati ya Stockholm amevaa sketi ya baleti.

Sketi ilikuwa ya mdogo wangu Neema. Darasa lao liliandaa onyesho la mavazi ya baleti ya karne ya kumi na tisa, kila mtoto alieleze vazi lake kisha acheze akiwa amelivaa, na yeye alipewa lile jeupe la kitambaa chepesi cha melimeli, refu kupita magoti, walilovaa wachezaji wa zamani walipoigiza mizimu (kanisani sikusema habari ya mizimu). Alingoja siku hiyo kama watoto wengine wanavyongoja Krismasi. Mwalimu wao akasema sketi hizo zilitiwa wanga ili zisimame. Wanga! Mimi niliacha shule mapema, lakini kutia wanga nilimwona mama akifanya kila alipotayarisha nguo za ibada, kwa uji mwepesi wa muhogo, basi nikapika uji wangu, na kwa mapenzi nikauzidisha.

Asubuhi ya onyesho Neema alitangulia mazoezini, nikabaki nikingoja sketi ikauke. Ilipokauka ilisimama sakafuni peke yake kama kengele, haikunjiki, haiingii kwenye mfuko wowote. Nikaamua (hapo ndipo nilipojimaliza) kuifunga kiunoni, juu ya suruali, mpaka nifike. Nje theluji ilianguka polepole, sketi ikiyumba mbele yangu kama wingu lililokubali kufugwa, na sitadanganya, nilitembea taratibu kuliko ilivyohitajika. Ndani ya treni sikuweza kukaa. Nilisimama nikijitazama kwenye kioo cheusi cha dirisha, nusu mtu nusu ukungu, nikiwaza jinsi mama angefurahi, mpaka sauti ikaniamsha.

"Amani, mwanangu, unaoa ama unaolewa?"

Alikuwa Mama Riziki wa kwaya yetu.

"Naipeleka tu, mama. Ni ya Neema."

"Kwani Alby mifuko imekwisha? Hebu geuka nikuone nyuma."

Nikageuka. (Sijui kwa nini niligeuka.) Behewa zima likacheka, hata wasiojua Kiswahili.

Kumbe theluji ilikuwa imelowesha kamba za kiunoni, uji ukayeyuka, joto la treni likaukausha tena, na fundo likawa jiwe. Nilikuja kugundua nyuma ya pazia la jukwaa.

"Yaya, fungua haraka, ni zamu yangu!" Neema alisema; ndivyo anavyoniita mimi kaka yake mkubwa.

"Linakataa."

"Linakataa nini? Ni kamba!"

Tukaivuta chini ikakwama kwenye nyonga, mkasi hauonekani, Neema akapiga magoti akaling'ata fundo kwa meno, na akiwa bado ameling'ata, pazia likafunguka.

Kicheko kilianzia viti vya mbele kikapanda hadi juu. Neema akasimama, macho yamejaa machozi, akaanza kueleza kwa Kiswidi: kwamba zamani wachezaji walivaa magauni mazito, kisha yakaja haya ya melimeli, meupe, yaliyoonekana kama ukungu chini ya taa za gesi, na kwamba moto wa taa hizohizo uliwahi kuwaunguza wachezaji, wakawaka kama karatasi. Ukumbi ukanyamaza, hata mimi nikasahau nilipo, nikahisi naelea. Akamalizia kwamba baadaye sketi zilizidi kufupishwa ili miguu ionekane, watu wote wakatazama miguu yangu, na mabuti yangu ya kazini, na kicheko kikarudi.

Muziki ukaanza. Neema akacheza na nguo zake nyeusi za mazoezi, nami nikiwa pembeni sithubutu kusogea maana kila nikihema sketi inachakarisha. Wakati fulani alizunguka, mikono yake ikashuka kuinua pindo, haikukuta kitu, ikabaki hewani.

Mwalimu alikata zile kamba baadaye, watu walipokuwa wakivaa makoti.

"Walinipigia makofi, Yaya," Neema aliniambia ndani ya treni, akitazama dirishani, "lakini hakuna aliyeniona nayo."

Tangu siku hiyo kitu cha Neema nakipeleka mkononi, kikikunjamana na kikunjamane, mwilini mwangu hakipandi tena.