Mluzi wa Yangchan

Kila nyumba ya wafugaji huku Changthang, nyanda za juu za mpakani, ina mluzi wake. Wa shemeji yangu Yangchan ulipanda mara mbili kisha ukashuka ghafla, na mbuzi wake wangeacha hata kulamba chumvi kuufuata. Tumekuwa majirani tangu alipoolewa na kaka yangu, na mbuzi wangu hawajawahi kunitii namna ile. Alikuwa akinitania kwamba mluzi wangu ni wa birika, unaita watu chai tu.

Mwaka kaka alipougua mapafu, Yangchan aliweka nadhiri. Alimwachia huru beberu mmoja, uhai kwa uhai, akamtia utepe mwekundu sikioni. Mnyama wa nadhiri hachinjwi, hauzwi, hafungwi kamba, wala hazuiwi njia. Tangu siku hiyo si mali ya mtu. Kaka alipona, akaishi miaka minane zaidi, na beberu akazeeka akiwa kiongozi wa kundi. Baridi ikikaza, ndiye aliyetangulia kuvuka mlima kwenda bonde la mazizi, ambako theluji haikai na majike huzalia. Mazizi yale yalijengwa na babu wa babu zetu.

Kisha majeshi ya nchi mbili zinazopakana yakapigana huko juu. Yalipopatana, kila moja likarudi nyuma, na katikati ukaachwa ukanda usiokanyagwa na mtu yeyote. Bonde letu likaangukia humo. Watu husema fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi. Kwetu nyasi zenyewe ndizo zilizogombaniwa, na bado kuna aliyetuambia tutulie.

Aliyetuambia alikuwa Kapteni Bhosale wa jeshi la upande wetu, kijana wa nchi za joto ambaye midomo yake haikuacha kupasuka. Hakuwa mtu mbaya. Alikunywa chai yetu ya siagi na chumvi bila kukunja uso, na alimwita Yangchan mama. Alimwomba amfunge kamba yule beberu, maana wanyama wakivuka itakuwa kesi ya dola na dola. Yangchan alikataa. Baridi ya kwanza akawa analala mlangoni mwa zizi ili kundi lisitoke, akijua hilo nalo linaigusa nadhiri, na huku kwenye upepo watoto wa mbuzi walizaliwa wakaganda kabla mama zao hawajawakausha. Aliwabeba wawili wawili kwenda kuwafukia. Sikumwona akilia, ila aliacha kunitania.

Baridi iliyofuata, majike wakiwa wamekaribia kuzaa, tuliamka tukaona moshi ng'ambo ya mlima. Ulikuwa moshi wa samadi, ukitoka mazizini kwetu: wafugaji wa upande wa pili walikuwa wamekwisha kuingia.

Yangchan alikwenda moja kwa moja hadi kwenye kizuizi cha askari, nami nyuma yake nikihema. Kapteni alisema ameuona moshi, amekwisha kuripoti, na mazungumzo ya wakubwa yamepangwa.

"Mbuzi wangu wanazaa wiki hii," Yangchan alisema. "Niwaambie nao wasubiri mazungumzo?"

"Mama, amri ni kwamba mtu asivuke."

"Sawa. Sivuki."

Alirudi akafungua zizi, akakaa pembeni. Beberu akatoka, akanusa upepo, akashika njia yake ya zamani, na kundi zima likamfuata. Pale kwenye mawe ya mpaka yaliyopakwa chokaa askari mmoja alitaka kumzuia. Yangchan akamwambia kwa upole, "Huyo si wa mtu, mwanangu. Muulize kapteni kama ana amri ya mbuzi wa nadhiri." Kapteni hakuwa nayo. Wakapita. Shemeji yangu alinitazama na, kwa mara ya kwanza tangu baridi ile ya vifo, akatabasamu. Alisema kesho kutwa dunia nzima itajua bonde ni la nani, kwa kuwa mbuzi hawajui kusema uongo. Nilimwamini. Wote tulimwamini, na huo ndio upumbavu wetu.

Siku mbili baadaye kapteni alikuja mwenyewe, bila bunduki, na hakuketi. Alisema upande wa pili wamejibu. Wanasema mbuzi walio bondeni ni wa wafugaji wao, na kwamba kundi kubwa namna ile, linaloingia zizini bila kuswagwa, linaonyesha malisho yamekuwa yao siku zote. Wamepiga picha.

"Ana utepe mwekundu!" nilisema.

"Na wao hufunga utepe mwekundu," kapteni alijibu. Ilikuwa kweli. Wafugaji wa kule ni damu yetu, nadhiri yetu ni yao.

Yangchan alitaka ruhusa ya kitu kimoja tu, apande kileleni apige mluzi. Kapteni alisema hata sauti kuelekea kule inahitaji kibali. Lakini alipoondoka hakugeuka nyuma kututazama, nasi tukapanda.

Alipiga mluzi. Ukapanda mara mbili, ukashuka. Kule chini mbuzi wote waliinua vichwa kwa pamoja, na beberu akaanza kuja. Watu wawili wenye makoti marefu wakasimama njiani, wakatandaza mikono, wakamrudisha. Alipiga tena hadi midomo ikatoka damu.

Kisha akaonyesha kwa kidole. Karibu na ukuta jike mmoja alikuwa amelala, anazaa, na mtu amechuchumaa kando yake akipiga mluzi taratibu, mluzi wa nyumba yake, upepo ukituletea.

"Yule mtoto wa mbuzi," Yangchan alisema, "atakua akiufuata mluzi huo."