Kitufe Kilichoonekana Shimo

Habari zilinifikia Jumanne asubuhi nikiwa sokoni Tororo: yule mtengenezaji wa vitufe wa Busia amefariki, baada ya kuugua majuma mawili. Wasomaji wangu wengi hawakumjua, ingawa huenda wamewahi kubonyeza kazi yake. Alichora kwenye kompyuta vile vitufe vya mviringo vyenye mng'ao wa chuma, unavyoviona kwenye simu ukitaka kutuma au kufungua kitu. Kibanda chake kilikuwa hatua chache kutoka mpakani, na mlangoni aliegemeza baiskeli aliyobebea abiria miaka mingi kabla ya kujifunza kazi hiyo.

Mimi niliishia shule ya msingi, na mbele ya watu maneno hunipotea. Alinipokea hivyo hivyo, akanifundisha kuchora duara, kulijaza kijivu, kisha kupitisha weupe unaofifia polepole mpaka duara lionekane kama chuma kilichosuguliwa. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kitufe cha akina mama wauza mahindi, wakibonyeza wapate bei ya siku upande wa Uganda na wa Kenya. Walishasema wasiporidhika watampa kazi mtu wa Kampala. Nilikaa nayo siku tatu. Mwenyekiti wao alipoishika simu, aliitazama sana, asibonyeze.

"Sasa wewe mtoto, mimi naweka kidole kwa shimo?" aliuliza. "Nyoka akitoka?"

Wenzake walicheka hadi wakashikana mabega. Nilipotazama, kweli lilikuwa shimo. Nilikuwa nimeweka weupe chini na kivuli juu. Nilitaka kufuta kila kitu nirudi kwetu Molo, huku huku Tororo, nikapalilie wimbi. Mwalimu wangu hakunigombeza. Alituita sote nje penye baiskeli, akamwuliza yule mama jua linakaa wapi kwenye kengele yake ya chuma. Juu, akajibu, na chini ni giza. Tukarudi ndani. Akaigeuza picha yangu juu chini, bila kugusa kitu kingine, na lile shimo likavimba likawa kengele. Mama akaweka kidole gumba papo hapo, kama mtu anayeomba njia. Kazi ikabaki Busia.

Siku hizi vitufe vingi ni bapa, vya rangi moja, na vijana wenzangu wanauona mng'ao kuwa ushamba. Yeye hakubishana nao. Alisema vitufe bapa ni vya watu wanaojua tayari pa kubonyeza, lakini yeye alikuwa bado na wateja wanaofika kwa mara ya kwanza. Nadhani miaka ya kubeba wageni ndiyo iliyomfundisha hilo.

Kwenye mazishi, huko Kwapa, niliombwa niseme neno juu ya kazi yake. Nilisimama. Basi nikatoa simu, nikamwonyesha mama wa marehemu picha ya lile shimo langu, kisha nikaigeuza mbele ya macho yake. Akacheka kidogo, akabonyeza, akaomba nirudie. Simu ikazunguka kwa waombolezaji mkono kwa mkono, kila mtu akijaribu, na hakuna aliyeniomba tena hotuba. Tangu siku ile ya kengele, kazi ikinishinda siifuti. Naigeuza kwanza, nione jua liko upande gani.